Maktaba za Umma na Maandishi ya Simu katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Katika mazungumzo ya wakutubi, walimu na wazazi wa Nairobi husikika mara kwa mara lalamiko moja lenye pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba vijana wa mitaa ya Eastlands wameipa maktaba kisogo na kuishika simu. Upande wa pili ni kwamba mtumishi wa maktaba mwenyewe huonekana ameinamia simu yake saa za kazi, na msomaji amesimama mbele yake akingoja. Lalamiko hilo si la uongo. Hata hivyo limejengwa juu ya dhana ambayo haijachunguzwa vya kutosha, yaani kwamba hapo zamani palikuwa na maktaba iliyoshibana na wasomaji wake, na kwamba mitandao ya kijamii ndiyo iliyoingia kati ikawatenganisha. Historia ya maktaba upande wa mashariki wa jiji haiiungi mkono dhana hiyo. Yaonyesha kwamba kati ya mkazi wa Eastlands na maktaba ya umma palikuwa na pengo tangu mwanzo, na kwamba pengo hilo, zaidi ya kuwa la fedha, lilikuwa la lugha.

Yafaa kuanza na jengo la McMillan. Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931 katikati ya jiji kwa kumbukumbu ya Sir William Northrup McMillan, tajiri mwenye mashamba aliyezaliwa Marekani na kufariki mwaka 1925. Mjane wake, Lady Lucie McMillan, alitoa fedha, na shirika la Carnegie la Marekani likasaidia. Mwaka 1938 jengo hilo lilipewa sheria yake lenyewe, heshima ambayo majengo machache sana ya Kenya yameipata. Lakini kwa takriban miaka thelathini ya mwanzo maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliyeishi Pumwani, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika, angeweza kupita mbele ya simba wake wawili wa mawe kila asubuhi akienda kazini, asiruhusiwe kupanda ngazi.

Haifai kudhani kwamba mtu huyo hakuwa msomaji. Gazeti la Kiswahili la Baraza lilianza kutolewa Nairobi mwaka 1939, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia magazeti ya Kiswahili na ya lugha nyingine za Kiafrika yaliongezeka. Henry Muoria alianzisha Mumenyereri kwa Kigikuyu mwaka 1945. Magazeti ya aina hii hayakusomwa kimya wala na mtu mmoja. Nakala moja ilipita mikononi mwa wengi, na asiyejua kusoma alisomewa. Kwa hiyo usomaji wa Eastlands ulikuwa tangu mapema usomaji wa barazani: habari husomwa kwa sauti, hudakwa, hubishaniwa, huongezewa chumvi, kisha hupelekwa mtaa wa pili. Atakayeutazama ujumbe wa leo unavyorushwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine ataitambua tabia hiyo bila kufundishwa.

Kaloleni ndio mtaa unaodhihirisha jambo hili kuliko mingine. Ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, na tofauti na mitaa iliyoutangulia ulipangwa pamoja na ukumbi wa jamii ambao katika muda mfupi ukawa mahali pa siasa. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi huo, ulifanyika mkutano wa pamoja wa Kenya African Union na East African Indian National Congress, ambapo Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Haukupita mwezi akakamatwa. Waliosikiliza siku ile walikuwa watu wa lugha nyingi, nao Waswahili husema penye wengi pana mengi. Lakini jambo lililotakiwa kufika nje ya ukumbi, mpaka Makongeni na Shauri Moyo, lilihitaji Kiswahili. Si Kiswahili cha Unguja wala cha Lamu. Kilikuwa Kiswahili cha mji wa wahamiaji, ambacho walimu wa siku hizo walikiona kibovu na wataalamu wa lugha walichelewa mno kukisikiliza.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa imekwisha kutambua kwamba Mwafrika anasoma, na jambo hilo liliipa hofu. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 kufuatia taarifa ya Elspeth Huxley na kuongozwa na Charles Richards, ilikuwa jibu mojawapo. Shirika hili lilichapisha vitabu, likaendesha maktaba za makasha yaliyopelekwa huku na huko, na likaazimisha vitabu kwa njia ya posta. Si haki kulidharau. Mashindano yake ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958 ndiyo yaliyomwibua Muhammed Said Abdulla, na Mzimu wa Watu wa Kale ukachapishwa nalo mwaka 1960. Mwaka huohuo likatoa Kurwa na Doto ya Muhammed Saleh Farsy. Hakuna mwalimu wa fasihi ya Kiswahili asiyelidai shukrani kwa hayo. Pamoja na hivyo, kusudi lake lilikuwa kumpa Mwafrika maandishi ambayo serikali iliyaona yanamfaa, wakati ambapo yale aliyojitafutia mwenyewe yalikuwa yakizimwa. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, magazeti mengi ya Kiafrika yalipigwa marufuku, Mumenyereri likiwamo. Aprili 1954 majeshi yaliizingira mitaa ya Eastlands katika msako ulioitwa Anvil, na maelfu ya wakazi wakapelekwa kambini.

Mitaa yenyewe imeihifadhi miaka hiyo katika majina. Ofafa ni kumbukumbu ya Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Mbotela ni kumbukumbu ya Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka 1952. Huyu alikuwa mwana wa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934 na ambacho ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya nathari ndefu ya Kiswahili kwa mkono wa Mkenya. Yaani katika Eastlands upo mtaa mzima unaobeba jina la ukoo wa mwandishi wa Kiswahili, na si ajabu mwanafunzi akalala humo miaka kumi na minane bila kuambiwa.

Ulipokaribia uhuru, S. W. Hockey alitoa mwaka 1960 taarifa juu ya maendeleo ya maktaba katika Afrika Mashariki, na kutokana nayo zikatungwa sheria za maktaba za taifa: Tanganyika mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, Kenya mwaka 1965. Shirika la Huduma za Maktaba ya Taifa la Kenya liliweka makao yake upande wa magharibi wa jiji. McMillan nayo ilikuwa imefunguliwa kwa watu wa rangi zote chini ya Baraza la Jiji, na huko Eastlands ikawa na matawi mawili, Kaloleni na Makadara. Baadaye shirika la taifa nalo likawa na tawi Buruburu, mtaa ulioanza kujengwa katika miaka ya 1970. Hizi ndizo maktaba za umma ambazo mkazi wa upande huo wa jiji angeweza kuzifikia bila kupitia katikati ya mji.

Je, alipoingia alikuta nini? Kwa sehemu kubwa alikuta vitabu vya Kiingereza. Vile vya Kiswahili vilivyokuwapo vilizungumza juu ya Unguja, Tanga na Pwani, au vilikuwa vitabu vya shule. Hata maisha ya Eastlands yenyewe, yalipoanza kuandikwa kwa ustadi, yaliandikwa kwa Kiingereza: Going Down River Road ya Meja Mwangi ilitoka mwaka 1976, na Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, ambayo yaanza na msichana anayeshuka Nairobi mwaka 1956, ilitoka mwaka 1986. Mkazi wa Makadara aliyetaka kujisoma alilazimika kujisoma katika lugha ya ofisini.

Kisha ikaja mitihani. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ilipendekeza mabadiliko ambayo mwaka 1985 yalileta mfumo wa 8-4-4, na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa. Lilikuwa tukio kubwa kwa lugha, nalo lilibadilisha matumizi ya maktaba kwa namna ambayo haikutarajiwa. Mwanafunzi alikuja na kitabu chake mwenyewe mkobani, na kitu alichokitaka kwa mkutubi ni kiti, meza, taa na ukimya. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambamo wazazi, ndugu wadogo na jiko hugombea nafasi, hayo si mambo madogo. Hata hivyo, tangu hapo maktaba ya Eastlands imekuwa zaidi chumba cha kusomea kuliko hazina ya vitabu. Fedha nazo zilikuwa zimeanza kukauka. Baraza la Jiji lilivunjwa mwaka 1983, na Nairobi ikaongozwa na tume hadi mwaka 1992. Huo haukuwa wakati wa kununua vitabu vipya. Kwa hiyo maktaba ilikuwa imekwisha kuacha kuwa mahali pa kupatia maandishi mapya muda mrefu kabla ya nyaya za baharini za intaneti kufika Mombasa mwaka 2009 na simu janja kushuka bei. Anayeilaumu simu kwa kulitupu rafu anamshtaki aliyefika baada ya nyumba kuhamwa.

Wakati maktaba ikikauka, nje ya mlango wake lugha ilikuwa ikichemka. Wataalamu hawajaafikiana juu ya chanzo cha Sheng. Wapo wanaoirudisha nyuma hadi miaka ya 1930, na wapo wanaoiona kuwa zao la watoto wa Eastlands wa miaka ya 1960 na 1970, waliokuwa na lugha moja nyumbani, nyingine shuleni na ya tatu uwanjani. Mabishano hayo hayahitaji kurudiwa hapa. Lenye uzito ni kwamba kwa miaka mingi Sheng ilikuwa lugha ya mdomo tu, na maktaba ingeweza kusema, kwa haki, kwamba haina cha kuhifadhi. Mwaka 2003 Ireri Mbaabu na mwenzake walitoa kamusi ya Sheng. Ilichapishwa Dar es Salaam, si Nairobi, na jina lake lenyewe liliitaja kuwa lugha ya ulimwengu wa wahalifu. Februari 2010 lilianza kutolewa Shujaaz, jarida la hadithi za picha lililoandikwa kwa Sheng na kugawanywa bure pamoja na gazeti. Wasomaji wake hawakuishia kusoma. Waliwajibu wahusika wa hadithi kwa ujumbe mfupi wa simu, kisha kwa Facebook, na mhusika naye akawajibu. Hapo Sheng ilikuwa imekwisha kuvuka kutoka mdomo hadi maandishi, tena maandishi ya kujibizana, na ilivuka bila kupita katika maktaba.

Tangu wakati huo kiasi cha Kiswahili na Sheng kinachoandikwa Eastlands kwa siku moja huenda kimekipita kile kilichoandikwa huko katika miongo mizima iliyotangulia. Ni matangazo ya matanga na michango, mabishano ya mpira, mashairi, matusi, kazi ya nyumbani ambayo mwalimu huituma kwa kundi la wazazi, na habari za maji kukatika. Mfano mmoja wapasa kuzingatiwa na kila mwanaisimu. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulijadiliwa kwa lugha ya Kiingereza cha kisheria, ingawa Katiba ya 2010, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha rasmi sawa na Kiingereza. Vijana waliufasiri wenyewe kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha nyingine za Kenya, wakaueleza kifungu kwa kifungu kwa maandishi na video fupi. Maandamano yalifikia kilele tarehe 25 Juni, watu wakapoteza maisha, na kesho yake Rais akakataa kuutia mswada huo sahihi. Kuitafuta hati ya umma, kuifasiri, kuifafanua na kuifikisha kwa asiyejua Kiingereza ni kazi ambayo wakutubi wa Hockey wangeitambua kuwa yao. Ilifanywa mitaani na watu ambao pengine hawakuwa na kadi ya maktaba.

Hapa ndipo lile lalamiko la pili, la mkutubi mwenye simu, linapostahili kutazamwa upya. Waajiri wengi huhesabu mitandao ya kijamii kazini kuwa utoro wa aina mpya: mtumishi yupo kitini, lakini hayupo. Hapana shaka utoro huo upo, wala haufai kutetewa. Msomaji aliyepanda matatu kutoka Umoja hadi Makadara hakuja kuangalia utosi wa mtu. (Marehemu Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo uleule uliotajwa, aliyekuwa akiwauliza wasikilizaji wa redio tangu miaka ya 1960 kama jambo fulani ni ungwana, angepata hapa kipindi kizima.) Lakini mahali ambapo maktaba haina kompyuta ya kutosha wala fungu la matangazo, simu ya mkutubi, aliyoinunua kwa mshahara wake na kuitia bando kwa fedha zake, ndiyo ubao wa matangazo, ndiyo simu ya ofisi na ndiyo njia ya kumwita mtoto arudishe kitabu. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoyafunga majengo, haikubaki njia nyingine. Kumkataza mkutubi kabisa ni kuikata maktaba na wasomaji wake. Kumwacha afanye apendavyo ni kuifanya kazi ya umma itegemee hisani ya mtumishi, na namba za simu za watoto wa watu zikae katika mfuko wake binafsi, jambo ambalo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haiwezi kulifumbia macho.

Changamoto iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, si ya nidhamu. Ni ya kumbukumbu. Sheria ya Vitabu na Magazeti ya mwaka 1960 inamtaka mchapishaji awasilishe nakala za kitabu kwa Msajili. Iliwawazia watu wenye mitambo na wino. Katika mpangilio wa Dewey Kiswahili kina namba yake, 496.392, na fasihi yake ina 896.392, tafsiri ya kifungu cha sheria kwa Sheng, iliyorekodiwa kwa sauti na mtu asiyejulikana jina, mkutubi hana pa kuibandika, na hata angekuwa na pa kuibandika hana sheria inayompa haki ya kuichukua. Mazungumzo ya kundi la WhatsApp ni ya faragha. Kuyakusanya bila idhini ni kuchungulia, na mji uliopitia Anvil una sababu ya kumwogopa anayechungulia.

Na bado wapo waliokusanya. Library of Congress ya Marekani imekuwa na ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, ikinunua na kupeleka Washington machapisho ya kanda hii, yakiwamo ambayo maktaba za hapa hazikujali kuyatunza. Mwaka 2010 maktaba hiyohiyo ilikubaliana na Twitter kuhifadhi ujumbe wote wa hadharani uliopata kuandikwa humo, na ikaendelea hivyo hadi mwisho wa mwaka 2017, ilipoamua kuchagua badala ya kuzoa. Maana yake ni kwamba maelfu kwa maelfu ya sentensi za Kiswahili cha Nairobi, zilizoandikwa na vijana wa Jericho, Kayole na Dandora katika miaka ambayo lugha yao ilikuwa ikibadilika mbele ya macho, zimo katika ghala ng'ambo ya bahari, nalo halijafunguliwa kwa wasomaji. Katika Kaloleni, walikoishi baba zao, hakuna hata moja.

Katiba ya 2010 iliorodhesha maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, na McMillan pamoja na matawi yake yamo chini ya Kaunti ya Jiji la Nairobi. Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, liliingia mkataba na kaunti hiyo, na matawi ya Kaloleni na Makadara yakakarabatiwa na kufunguliwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2020. Vyumba vimepakwa rangi, watoto wamerudi, na baadhi ya nyaraka kuukuu za McMillan zimehifadhiwa kwa tarakimu. Ni kazi njema. Lakini nyaraka za jengo lile nyingi ni sauti ya Nairobi ya walowezi. Katika mpango wa kuhifadhi, waliofungiwa mlango mwaka 1931 wamebaki tena nyuma ya foleni.

Idara za Kiswahili haziwezi kusema kwamba jambo hili si lao. Mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu juu ya Sheng hukusanya data yake mwenyewe, huitumia, hupata shahada, na data hiyo hufa pamoja na kompyuta yake. Anayemfuata huanza upya Kayole palepale. Mkutubi wa tawi la mtaani yupo karibu na wenye maandishi kuliko profesa yeyote, wanamfahamu kwa jina, na tayari wanamwandikia. Akipewa simu ya ofisi, fomu ya idhini iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mahali pa kuweka kile ambacho wenyewe wataridhia kukitoa, angeweza kuanza na zile tafsiri za mwaka 2024, ambazo waliozitunga bado wapo, bado wanazikumbuka, na baadhi yao bado hawajabadilisha simu.